Mr. Bean seti kamili: nakala ya kununua na nakala ya kuacha mezani

Kwenye meza za CD za Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, na kule Miyomboni mjini Iringa, jina la Mr. Bean linauza vitu vinne tofauti vyenye kava linalofanana: mtu mwenye koti la kahawia na tai nyembamba nyekundu, macho yamemtoka. Kimoja ni seti ya asili yenye DVD kadhaa. Cha pili ni DVD moja ya kuchoma iliyoandikwa kwamba ina kila kitu. Cha tatu ni flashi unayojaziwa hapohapo. Cha nne ni ile iliyotafsiriwa, DJ anaongea juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeangalia nyumbani, mwenye kibanda umiza na mwenye basi la safari ndefu, wote wanakutana na uchaguzi huo. Ushauri wangu nautanguliza: ukiipata seti ya asili, nunua. Ukiikosa, flashi inafaa kwa masharti yatakayofuata. DVD moja yenye kila kitu iache mezani.

Sababu iko usoni kwa Rowan Atkinson, Mwingereza anayemwigiza Mr. Bean. Kipindi hiki cha vichekesho cha TV karibu hakina maneno. Kinachochekesha ni nyusi moja iliyopanda, mboni zinazokimbilia pembeni kuangalia kama kuna aliyeona, mdomo uliobanwa kwa nusu sekunde kabla ya uovu mdogo kutendeka. Picha ikibanwa kupita kiasi, vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza. Utaona mtu anaanguka, hutaona alivyokuwa anawaza kabla ya kuanguka, na kicheko chenyewe kilikuwa pale.

Hesabu yake ni rahisi. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Kwa ubora wa kuridhisha hizo ni kama saa mbili za picha, ukijibana sana mbili na nusu. Vipindi vya Mr. Bean ni 15: vya hadithi mpya ni 14, na kimoja ni mkusanyiko wa vipande bora. Kila kimoja kina dakika 25 hivi, kwa hiyo jumla inapita saa sita. Anayekupa DVD moja yenye vipindi vyote, halafu akaongeza filamu mbili na katuni juu yake, hana njia nyingine isipokuwa kuikamua picha. Mtu akitembea haraka, miguu inageuka miraba. Sehemu zenye giza zinajaa madoadoa. Uso unakuwa laini, hauna hata mkunjo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe na usitazame mwanzo wa kipindi cha kwanza, maana hapo ndipo kila mtu anapotazama. Weka kipindi cha tano, cha mwaka 1992, mahali Bean amechelewa kwa daktari wa meno, anavaa nguo na kupiga mswaki huku gari linakwenda, usukani ameushika kwa miguu. Mikono, nguo na barabara vinakimbia kwa wakati mmoja, na nakala mbovu haiwezi kujificha pale. Kisha rudi kwenye ufunguzi unaotumika kuanzia kipindi cha pili, ambapo anadondoka kutoka juu ndani ya mwali wa mwanga huku kwaya ikiimba Kilatini. Tazama giza linaloizunguka ile nuru. Likiwa na matabaka na miraba, nakala imekamuliwa. Mwisho nenda kipindi cha mwisho kwenye orodha uangalie kama kinafunguka mpaka mwisho, kwa sababu DVD za kuchoma huanza kuharibika ukingoni, na data ya mwisho huandikwa huko.

Wengi wanamjua Bean bila kumjua aliyemtengeneza, na ukimjua mtu huyo unaelewa kwa nini kazi yake inastahili nakala nzuri. Atkinson alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mkulima. Alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Newcastle, akaendelea na shahada ya uzamili ya fani hiyohiyo Oxford kuanzia 1975. Huko Oxford alikutana na Richard Curtis, ambaye baadaye walishirikiana kuandika Mr. Bean, na Howard Goodall, aliyetunga ule muziki wa kwaya. Robin Driscoll aliongezeka kwenye uandishi.

Uhandisi huo unaonekana. Tazama kipindi cha tatu, anapotengeneza sandwichi kwenye benchi la bustani. Mkate anaukata kwa mkasi. Saladi anaiosha, anaitia ndani ya soksi na kuizungusha ikauke. Samaki wake wadogo bado wazima, anawagonga kwenye benchi. Pilipili manga anaiponda kwa kisigino cha kiatu. Chai inatoka kwenye mfuko wa mpira wa maji ya moto. Kila hatua ina mantiki yake, kifaa chake na mpangilio wake, na jirani yake kwenye benchi, aliyeigizwa na Angus Deayton, anatazama bila neno. Ukikata hatua moja, mzaha mzima unalegea. Ndiyo maana vipande vya dakika mbili vinavyozunguka kwenye simu vinamdhulumu mtazamaji: vinampa mwisho bila ujenzi wake.

Jambo la pili ni kigugumizi. Atkinson anacho tangu utotoni, na amewahi kueleza kwamba akiigiza mtu mwingine kinapungua. Kwenye kazi zake za maneno utamsikia akiibamiza herufi B kwa nguvu, ni njia yake ya kuivuka. Kwa Bean aliyaweka maneno kando kabisa. Mhusika huyu alianza kumchora akiwa bado Oxford, na mwaka 1987 akampeleka kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Pale aliomba apangwe kwenye ratiba ya wasemao Kifaransa, ili ajue kama mtu asiyeshika Kiingereza atacheka. Walicheka. Bibi wa Tukuyu anayesema Kinyakyusa na mtoto wa Makete ambaye hajaanza Kiingereza wanacheka sekunde ileile anayocheka mtu wa London, na hilo lilipangwa, halikutokea kwa bahati.

Ndiyo maana nakala iliyotafsiriwa na DJ siipendekezi hata kidogo. Kwenye filamu ya mapigano au ya Kihindi yenye mazungumzo marefu, DJ mzuri ni msaada mkubwa na anastahili sifa yake. Hapa hakuna cha kutafsiri. Ili asikike, sauti ya asili inashushwa, na inapokwenda inakwenda na vile vimguno vya Bean, mlio wa viatu, kwaya, na vicheko vya watu. Vicheko hivyo ni vya watazamaji halisi: sehemu za ndani zilirekodiwa mbele yao, na zile za nje walionyeshwa wakacheka wakirekodiwa. Atkinson anasubiri kicheko kipungue ndipo anafanya kitendo kinachofuata. DJ akiingia kwenye ule ukimya, kipindi kinapoteza pumzi.

Kuhusu mpangilio, vipindi viandaliwe kwa namba na vitazamwe kwa namba. Watu hudhani haijalishi kwa kuwa kila kipindi kinajitegemea. Inajalisha kwa ajili ya Irma Gobb, mpenzi wake, aliyeigizwa na Matilda Ziegler. Anaanza kuonekana naye sinema kipindi cha tatu, cha nne wanakwenda disko, na cha saba, cha Krismasi ya 1992, anategemea pete ya uchumba. Bean ameona jinsi Irma alivyosimama dirishani mwa duka la sonara, akanunua picha ya tangazo iliyokuwa kando ya pete. Irma anaondoka. Ni moja ya nyakati chache ambazo mfululizo huu unauma kidogo, na flashi iliyochanganywa inakuonyesha huzuni hiyo kabla hujajua kwamba walikuwa pamoja.

Anayeanza aanze na kipindi cha kwanza, cha tarehe 1 Januari 1990. Kina chumba cha mtihani, ufukwe na kanisa. Sehemu ya kanisa inawafika sana watu wa mikoa hii yenye Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki wengi, kwa sababu kila aliyekaa kwenye benchi la ibada ndefu anajua kupambana na usingizi, na anajua kuimba kwa sauti kubwa neno moja tu analolijua, Haleluya, mengine akayameza. Kipindi hicho kilishinda tuzo ya Waridi la Dhahabu huko Montreux, Uswisi, mwaka uleule. Baada ya hapo cha tatu, kisha cha tano, ambacho kilipotoka Uingereza kilitazamwa na watu milioni 18.74. Cha tisa, cha 1994, kina kiti cha sofa juu ya paa la gari, naye Bean amekalia kiti hicho akiendesha kwa kamba na fimbo ya ufagio. Cha 12, cha kufua nguo na kucheza gofu, kinavuta miguu. Ile gofu ingetosha nusu yake. Cha 14, cha kinyozi, kilitoka kwanza kwenye kaseti mwaka 1995, kwa hiyo orodha nyingine huishia 13. Hesabu yako ikikosa kinyozi, seti haijakamilika. Mkusanyiko wa vipande bora hauna hasara ukiukosa.

Tahadhari kwa nyumba yenye wakwe au kikundi cha kanisa: kipindi cha nane, cha hotelini, kina sehemu anajikuta nje ya chumba bila nguo, anajificha korido nzima. Cha 11 kina darasa la uchoraji lenye mwanamke aliyekaa bila nguo. Hakuna kinachoonyeshwa waziwazi, ila ni vizuri mwenye rimoti ajue mapema.

Sasa mambo ya mitambo, maana malalamiko mengi kuhusu seti hii ni ya vifaa.

Picha ilirekodiwa kwa umbo la zamani, 4 kwa 3, karibu mraba. TV za siku hizi ni pana, 16 kwa 9, na nyingi zinaivuta picha ijaze kioo. Matokeo yake Bean ananenepa, magurudumu ya Mini yake ya kijani yanakuwa mayai. Bonyeza kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti, chagua 4:3, na uvumilie mistari miwili myeusi pembeni. Usichague kukuza: kukuza kunakata juu na chini, na Bean anaigiza kwa miguu kama anavyoigiza kwa nyusi. Nakala nyingi za mtandaoni zimekatwa hivyo tangu zilipotengenezwa. Utazijua kwa kuwa kichwa kinagusa ukingo wa juu na viatu havionekani akitembea. Hizo hazirekebishiki kwa rimoti.

Ukiona mikono ikitoa mistari kama meno ya kitana inaposogea haraka, picha si mbovu. Ni mfumo wa zamani wa kurushia picha za TV uitwao PAL, picha 25 kwa sekunde, kila picha ikiwa nusu mbili zilizosukwa pamoja. Deki na TV hurekebisha zenyewe. Kwenye kompyuta fungua VLC, programu ya kuchezea video, ingia menyu ya video, washa uondoaji wa mistari hiyo, ambao kwa Kiingereza umeandikwa Deinterlace. Kwenye TV zima ulainishaji wa mwendo, maana unaongeza picha za kubuni katikati na kumfanya Bean ateleze badala ya kushtuka.

Seti iliyonunuliwa Uingereza kwa kawaida ina alama ya eneo la 2, na Tanzania iko eneo la 5. Deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwetu hazijali maeneo, zinasoma zote. Deki ya kampuni kubwa inaweza kukataa na kuandika kwamba eneo si sahihi. Hapo DVD haina kosa, usiirudishe kwa hasira. Faida nyingine ya seti ya asili ni vipande viwili vya ziada, vya maktaba na vya kituo cha basi, ambavyo meza za kuchoma mara nyingi hazina.

Kwa flashi, masharti ni haya. Mwambie mjazaji faili ziwe za aina ya MP4, picha ikiwa imebanwa kwa njia ya H.264 na sauti kwa njia ya AAC. Akikuwekea H.265, TV ya zamani itatoa sauti bila picha au kusema faili haitambuliki. Sauti ikiwa DTS au AC3, TV nyingine zitatoa picha bila sauti, na watu watadhani spika imekufa. Kila kipindi kiwe na MB 180 hadi 250. Kikiwa na MB 60 kilitengenezwa kwa ajili ya simu ndogo. Vipindi 14 vya MB 220 ni GB 3 na kidogo, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha na kubaki. Flashi iandaliwe (format) kwa mfumo wa FAT32, kwa kuwa deki nyingi za mabasi na TV nyingi za zamani hazisomi mifumo ya NTFS wala exFAT. Majina yaanze na 01, 02, 03, yenye sifuri mbele. Ukiandika 1, 2, 3, mashine nyingi zitaruka kutoka 1 kwenda 10.

Jihadhari na flashi bandia zilizoandikwa GB 64 zenye nafasi halisi ya GB 8. Zinapokea faili zote bila kulalamika, kisha za mwisho hazifunguki. Dawa ni ileile, fungua faili la mwisho kabla ya kuondoka mezani.

Kwenye basi la Mbeya–Dar chagua flashi kuliko DVD. Lenzi ya deki inarukaruka kwenye matuta, na DVD yenye mikwaruzo haifiki Makambako. Tumia flashi fupi isiyochomoza, maana mtikisiko unalegeza mlango wa USB. Kipindi cha dakika 25 kinakaa vizuri kati ya vituo, na kwa kuwa hakina maneno, abiria wa nyuma asiyesikia spika hapotezi kitu. Kipindi cha sita, chenye ndege na mtoto anayetapika, kiruke kabla ya kona za Kitonga.

Baridi ina lake. Kuanzia Juni hadi Agosti huko Njombe, Makete na Mufindi, deki iliyolala kwenye chumba baridi ikiletwa sebuleni penye jiko la mkaa, lenzi inashika ukungu na mashine inaandika hakuna diski. Iache imezimwa saa moja, ukungu utakauka wenyewe. Usiifungue wala kuipangusa kwa kitambaa. Kiangazi cha Mbarali kina vumbi badala ya ukungu. Ifunike deki ikiwa haitumiki, na ipulize kwa pampu ya hewa, si kwa mdomo wenye mate. Kwa wanaotumia sola: TV ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 30 hadi 40, deki inaongeza 10 hadi 15. Ukichomeka flashi moja kwa moja kwenye TV umeokoa umeme wa deki.

Kuna chaneli rasmi ya Mr. Bean kwenye YouTube, nayo ni halali na haina gharama zaidi ya bando. Kwa ubora wa 360 kipindi kimoja kinakula takribani MB 100 hadi 130, kwa 480 karibu mara mbili. Shida yake ni mpangilio, vipande vimechanganywa na katuni na mikusanyiko mirefu, kwa hiyo tafuta kipindi kwa jina lake la Kiingereza. Faida yake ukilinganisha na dishi ni kwamba mvua kubwa ya Rungwe, ambayo hukata mawasiliano ya dishi, haiharibu ulichokwisha kukihifadhi kwenye simu.

Katuni, iliyoanza 2002 na sauti yake ni ya Atkinson mwenyewe, ni nzuri kwa watoto lakini ni bidhaa nyingine. Ikiwa kava lina picha ya mtu halisi na ndani mna katuni, umeuziwa kitu kingine. Kati ya filamu mbili, ile ya 1997 ina maneno mengi, inamtaka mtazamaji ajue Kiingereza. Ya 2007, ya safari ya Ufaransa, imerudi kwenye ukimya na inamfaa zaidi mtazamaji wa huku. Blackadder, mfululizo wake wa 1983 hadi 1989, una heshima kubwa kwao Uingereza, ila nguvu yake yote iko kwenye maneno na historia yao. Usiununue ukitegemea Bean.

Madereva wa malori wa Tunduma watapenda kujua kwamba mtu huyu alipata leseni ya kuendesha lori lenye tela mwaka 1981, kwa mapenzi tu ya malori. Na Machi 2001, akiwa mapumzikoni Kenya, rubani wa ndege ndogo aliyopanda alizimia angani. Atkinson akaishikilia ndege isianguke hadi rubani alipozinduka na kutua uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwaka 2012 alicheza kinanda kwa kidole kimoja mbele ya dunia nzima kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Kipande hicho wauzaji wengi hukiongeza mwisho wa flashi bila kuombwa, na ni nyongeza nzuri ya kuifurahia. Kazi yake ya 2022, Man vs. Bee, ina sehemu tisa fupi, mtu mmoja na nyuki ndani ya nyumba ya kifahari. Hiyo iko Netflix, na kwa intaneti ya simu ishushe kwanza ukiwa penye mtandao wenye nguvu ndipo uitazame.